Msanidi wa Programu Anakula Wapi?

Programu ya kompyuta ni bidhaa yenye tabia ya ajabu sokoni. Nakala ya kwanza inaweza kumgharimu aliyeitunga miaka miwili ya kukesha. Nakala ya pili, na hata ya milioni, haimgharimu karibu chochote. Seremala akiuza kiti, kiti kimeondoka na mnunuzi na kazi imekwisha. Msanidi akiuza programu, yeye bado anayo, mnunuzi anayo, na jirani wa mnunuzi anaweza kuipata jioni hiyohiyo kwa flashi. Hiyo ndiyo shida ya kwanza ya msanidi wa kujitegemea, yaani mtu mmoja, au wawili watatu, wanaotengeneza programu bila kuajiriwa na kampuni kubwa na bila mwekezaji nyuma yao.

Shida ya pili haionekani upesi, nayo ndiyo kubwa zaidi. Programu haikai ilivyoachwa. Mfumo endeshi wa simu hubadilika kila mwaka, benki hubadilisha njia ya kupokea malipo, mamlaka ya mapato huja na utaratibu mpya wa risiti, na wadukuzi hawalali. Programu isiyoguswa kwa miaka mitatu huenda isifunguke tena. Kwa hiyo anayelipia programu, ajue asijue, halipii tu kitu kilichokwisha kutengenezwa. Analipia pia matunzo yake ya kesho na kesho kutwa. Njia zote za malipo zilizojaribiwa tangu miaka ya 1970 zinaweza kupimwa kwa maswali mawili: je, matunzo hayo yanalipiwa, na ni nani hasa anayebeba mzigo huo?

Zamani swali hili halikuwa na uzito, kwa sababu programu ilikuja pamoja na mashine kubwa iliyojaza chumba, na gharama yake ilimezwa na bei ya mashine. Mambo yalibadilika kompyuta ndogo zilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida. Mwaka 1975 ilitoka kompyuta ya Altair 8800, na vijana wawili wa Marekani, Bill Gates na Paul Allen, wakaiandikia lugha ya BASIC. Wapenzi wa kompyuta wakaipenda, wakaidurufu, wakagawiana. Februari 1976 Gates aliwaandikia barua ya wazi akilalamika kwamba waliokuwa wameinunua BASIC hawakufika asilimia 10 ya wenye Altair, na kwamba ukigawanya mapato kwa muda uliotumika, kila saa ya kazi ilikuwa imelipwa chini ya dola 2. Kwake yeye, kunakili bila kulipa kulikuwa wizi.

Upande wa pili alisimama Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983 akishikilia kwamba mtumiaji ana haki ya kuisoma programu, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Wengi husahau kwamba Stallman hakukataa fedha. Alipokuwa hana ajira aliuza kanda zenye programu yake ya Emacs kwa dola 150 kila moja, na mnunuzi alikuwa huru kuinakili atakavyo. Alichokataa ni kufuli.

Kati ya hao wawili ilizaliwa njia ya tatu, na inastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu karibu kila mbinu ya leo ina mizizi yake humo. Mwaka 1982 Andrew Fluegelman, mwanasheria na mhariri wa California, alitengeneza PC-Talk, programu ya kuziwezesha kompyuta kuwasiliana kwa laini ya simu. Hakuifungia ndani ya boksi na kuipeleka dukani. Aliruhusu kila mtu aidurufu, akaweka ujumbe ndani yake: ukiona inakufaa, tuma dola 25. Mwaka huohuo mfanyakazi wa IBM katika jimbo la Washington, Jim Knopf, alikuwa akifanya jambo lilelile na programu yake ya kutunza orodha za majina na anwani, akiomba dola 10 tu za kumsaidia na gharama. Wawili hao hawakufahamiana. Mtumiaji mmoja aliyekuwa amepata programu zote mbili ndiye aliyewakutanisha, nao wakakubaliana kutajana katika programu zao na kuomba kiasi kimoja. Bahasha zikaanza kumiminika. Kufikia 1984 Knopf aliacha kazi IBM, maana cha jioni kilikuwa kimezidi cha mshahara.

Aliyeukamilisha mpango huo ni Bob Wallace, mmoja wa waajiriwa wa mwanzo kabisa wa Microsoft, aliyeondoka mwaka 1983 na kuanza kugawa PC-Write, programu ya kuandikia. Disketi yenyewe ilikuwa halali kwa yeyote kuinakili. Aliyetaka kujisajili alilipa dola 75, akapata kitabu cha maelekezo, haki ya kupiga simu akikwama, na nakala yenye namba yake mwenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na ujanja. Mtu huyo aliruhusiwa kuigawa nakala ile kwa marafiki, na kila rafiki alipojisajili kwa kutaja namba iliyomo ndani, mwenye namba alipelekewa dola 25. Akipata marafiki watatu, fedha yake yote imerudi; wa nne ni faida. Mnakiliji aliyelalamikiwa na Gates amegeuzwa wakala.

Ukikitazama alichouza Wallace, utaona hakikuwa nakala. Kilikuwa kitabu, msaada wa simu na toleo jipya likitoka, yaani yale matunzo ambayo hayanakiliki. Nakala ilikuwa tangazo. Udhaifu wake ni kwamba walio wengi hutumia bila kulipa kama hakuna kinachowasukuma, na kitabu cha maelekezo hakimvuti kila mtu. Kwa hiyo wengine waliamua kugawa sehemu na kuuza iliyobaki. Mchezo wa Doom, uliotolewa Desemba 1993 na kikundi kidogo cha Texas kiitwacho id Software, ulikuwa na sura tatu. Ya kwanza iligawiwa bure ulimwenguni kote, na aliyenogewa alinunua mbili zilizobaki. WinRAR, programu ya kubana mafaili iliyotoka 1995, ilichagua upole zaidi: humpa mtu siku 40 za majaribio, na siku hizo zikipita huendelea kufanya kazi huku ikimkumbusha. Watu huifanyia mzaha, lakini hesabu yake si ya kijinga. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkopo hasumbuliwi, ilhali kampuni yenye wakaguzi haiwezi kuthubutu kuwa na programu isiyo na leseni katika kompyuta 200 za ofisi.

Julai 2008 Apple ilifungua duka la programu za simu likiwa na programu 500 tu. Kwa msanidi mdogo lilikuwa kama mlango wa peponi: hakuna boksi, hakuna bahasha, hakuna kusaka wateja nchi za mbali; duka linapokea fedha kwa kadi na kumpelekea fungu lake. Fungu hilo lilikuwa asilimia 70, na duka likabaki na 30. Google nayo ikafuata kiwango hicho. Gharama ya kuingia haikuwa kubwa, dola 99 kwa mwaka kwa Apple na dola 25 mara moja tu kwa Google, ingawa dola 99 si fedha ya kuchezea kwa kijana anayeanza Kigoma au Kisii.

Ubishi ulizuka baadaye, ingawa hakuna anayebisha kwamba duka lina kazi inayostahili malipo. Kinachobishaniwa ni kwamba mwenye duka ndiye pia mwenye barabara: kwenye iPhone hakukuwa na njia nyingine ya kumfikia mteja, na hata mauzo ya ndani ya programu yalilazimishwa kupita kwenye mfumo wa malipo wa Apple. Kampuni ya Epic Games ilikaidi kwa makusudi Agosti 2020 kupitia mchezo wake wa Fortnite, ikafungiwa, ikaenda mahakamani. Epic si kampuni ndogo hata kidogo, lakini kelele zake ziliwafaidi wadogo. Novemba mwaka huohuo Apple ilitangaza kupunguza fungu lake hadi asilimia 15 kwa wasanidi ambao mapato yao hayazidi dola milioni moja kwa mwaka, mpango ulioanza Januari 2021; Google ikapunguza hivyohivyo kwa dola milioni ya kwanza kuanzia Julai. Aprili 2025 jaji Yvonne Gonzalez Rogers aliizuia Apple kutoza chochote pale mteja wa Marekani anapofuata kiungo na kwenda kulipa nje ya duka, amri ambayo Apple iliikatia rufaa. Kwa wanaotengeneza michezo ya kompyuta pana duka la itch.io, ambalo humwachia msanidi mwenyewe apange duka lichukue asilimia ngapi. Asipogusa kitu, huchukua 10, na akiandika sifuri, huchukua sifuri.

Maduka hayo yalileta jambo jingine ambalo halikutarajiwa sana: bei ziliporomoka. Programu zilipofika mamia ya maelfu, kila mmoja alishusha bei ili aonekane, hadi wengi wakafika bure kabisa na kutegemea matangazo. Kuna aliyefanikiwa kupita kiasi. Dong Nguyen, kijana wa Hanoi, alitengeneza mchezo mdogo wa Flappy Bird ambao mwanzoni mwa 2014 ulikuwa ukimwingizia takriban dola 50,000 kwa siku, kisha Februari akauondoa mwenyewe kwa sababu hakuipenda hali iliyomzukia. Habari yake ilivutia wengi kwenye matangazo, na wengi hao hawakuambulia kitu. Tangazo hulipa kwa wingi wa macho, na macho ya mtumiaji aliyeko Mbeya huthaminiwa na watangazaji chini sana kuliko ya aliyeko London. Isitoshe, fedha ya matangazo humfanya msanidi amtumikie mtangazaji: programu inayommalizia mtu shida yake kwa dakika moja na kumwachia aende zake hulipa kidogo kuliko inayomng'ang'aniza.

Ndipo ukaja mtindo wa kulipa kila mwezi au kila mwaka. Kwa kipimo cha matunzo, huu ndio unaokaribiana zaidi na ukweli wa kazi: kazi inaendelea, malipo yanaendelea. Watumiaji hata hivyo wana hoja. Wanachoka kudaiwa na kila kitu walicho nacho kwenye simu, na wanaogopa kwamba siku wakishindwa kulipa, kazi zao zitafungiwa ndani. Mwaka 2015 kampuni ya JetBrains ya Prague, inayouza zana za waandishi wa programu, ilitangaza kuhamia malipo ya kila mwaka, wateja wakaja juu, na baada ya wiki chache ikatoa suluhu inayofaa kuigwa: aliyelipa miezi 12 mfululizo hupata haki ya kudumu ya kutumia toleo lililokuwapo alipoanza kulipa. Akiacha kulipa, anakosa mapya tu. Kile alichokwisha kukilipia hakinyang'anywi.

Yote hayo ni kwa programu zinazoonekana, ambazo mtu anaweza kuzigusa na kuamua kulipa. Zipo nyingine zilizojificha chini, zikibeba nyingine juu yake, na huko ndiko dhuluma ilikokuwa kubwa. OpenSSL ni programu huria inayosimba mawasiliano ya mtandaoni. Benki, maduka na serikali nyingi huitegemea. Aprili 2014 liligunduliwa ndani yake tundu lililopewa jina la Heartbleed, ambalo lingeweza kuvujisha nywila na funguo za siri. Watu walipouliza nani mlinzi wa kitu hiki, wakaambiwa kwamba michango iliyokuwa ikiingia ni kama dola 2,000 kwa mwaka, na aliyekuwa akikifanyia kazi muda wote ni mtu mmoja. Makampuni yaliyokuwa yakiitumia bure yalikuwa na mabilioni. Mwezi huohuo zaidi ya kampuni kumi, Google, Microsoft na Facebook zikiwamo, ziliahidi kila moja angalau dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu kupitia taasisi ya Linux Foundation ili kuokoa programu za aina hiyo.

Haikutosha. Machi 2024 mhandisi Andres Freund, akichunguza kwa nini kompyuta yake inachelewa kidogo tu kuunganika, aligundua mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Mtunzaji wake, Lasse Collin wa Ufini, alikuwa amekwisha kueleza hadharani miaka miwili nyuma kwamba huo ni mradi wa kujifurahisha usio na malipo na kwamba uwezo wake wa kuushughulikia umepungua. Aliyejitokeza kwa jina la Jia Tan akajifanya msaidizi mwema, akaaminiwa kidogo kidogo, na ndiye aliyeupandikiza mlango huo. Michango ya hiari ni kitu kizuri, lakini haina ratiba: huja kwa wingi baada ya ajali.

Mfano wa kuuweka mkabala na OpenSSL ni SQLite, programu ya kuhifadhi taarifa iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000. Imo katika kila simu ya Android na kila iPhone. Hata meseji za WhatsApp kwenye Android hukaa ndani yake. Hipp hakuipa leseni ya masharti yoyote. Aliiacha iwe mali ya umma, mtu yeyote aifanyie apendavyo. Kikundi chake ni cha watu wachache mno, nao hawaombi sadaka. Baadhi ya kampuni kubwa zinazoitegemea hulipa ada ya uanachama kila mwaka, na kwa ada hiyo hupata namba ya kumpigia mtu anayeijua programu hiyo kuliko yeyote. Seti moja ya majaribio inayotumika kuikagua haigawiwi bure. Kampuni ambayo mwanasheria wake hakubali neno "mali ya umma" na anataka karatasi yenye sahihi, huuziwa karatasi hiyo kwa dola 6,000. Msimbo ni bure kwa mtoto wa shule. Utulivu wa moyo wa shirika kubwa una bei. Ni vigumu kuona nani amedhulumiwa hapo.

Ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, walifika mahali panapofanana na hapo kwa njia nyingine. Mchezo wao wa Dwarf Fortress uligawiwa bure tangu 2006, nao waliishi kwa michango ya wapenzi wake. Iliwatosha mpaka ugonjwa ulipobisha hodi. Gharama za matibabu zikawaonyesha kwamba michango haina bima. Desemba 2022 waliuza toleo lenye picha nzuri na muziki kwa dola 30, huku lile la zamani likibaki bure. Ndani ya mwezi mmoja ziliuzwa karibu nakala nusu milioni, na malipo yaliyowafikia Januari yalizidi dola milioni 7. Miaka 16 ya kugawa bure ilikuwa imewajengea wanunuzi waliokuwa wakingoja tu kupewa namna ya kulipa.

Katika Afrika Mashariki, msanidi wa kujitegemea kwa kawaida haanzii dukani wala kwenye michango. Huanzia kwa mteja: duka la dawa linataka mfumo wa mauzo, shule inataka mfumo wa ada, SACCOS inataka mfumo wa mikopo. Njia ya kupokea fedha ipo mkononi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2017 Safaricom ilizindua Daraja, inayomwezesha msanidi kuunganisha programu yake na M-Pesa moja kwa moja, mteja akaweka namba ya siri kwenye simu na malipo yakajiandika yenyewe. Ni rahisi kumtoza mtu shilingi 200 Nairobi kwa simu kuliko kumtafuta mwenye kadi. Kinachowaumiza wasanidi wengi ni mkataba, au kutokuwa na mkataba.

Hapa sheria inafaa kusomwa kabla ya kazi, si baada ya ugomvi. Kenya, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na Tanzania Bara, kwa sheria yake ya 1999, zote huihesabu programu ya kompyuta kuwa miongoni mwa kazi za fasihi; mfumo wa kuhesabu panadol umekaa rafu moja na riwaya. Lakini sheria ya Kenya husema pia kwamba kazi iliyotengenezwa kwa kuagizwa, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa makubaliano yakisema vingine. Msanidi aliyekubaliana kwa mdomo anaweza kugundua kwamba mfumo aliouandikia duka la kwanza hana ruhusa ya kuuuza kwa duka la pili. Sentensi moja katika mkataba, kwamba mteja anapewa leseni ya kutumia na msimbo unabaki kwa msanidi, huondoa balaa hilo.

Bei nayo ina hesabu yake. Tuseme mfumo wa duka la dawa Mwanza unauzwa shilingi 900,000 mara moja. Ili msanidi ale kila mwezi, lazima kila mwezi apate mteja mpya, huku wale wa zamani wakiendelea kupiga simu: printa imegoma, hesabu ya kodi imebadilika, mfanyakazi kafuta bidhaa. Wateja wakifika 30, simu zao zinammaliza siku nzima na hakuna inayomlipa. Akitoza 40,000 kwa mwezi, mteja anamaliza kulipa kiasi kilekile baada ya miaka miwili kasoro kidogo, na maduka 30 yanaleta 1,200,000 kila mwezi, na humo hutoka gharama ya seva, meseji na nauli. Mteja asiye na mtaji anapumua, na msanidi ana sababu ya kupokea simu.

Haki ya mteja katika mpango huo ni taarifa zake. Duka likishindwa kulipa, mfumo unaweza kusimama kuuza, lakini rekodi za mauzo, madeni na bidhaa ni za duka, na mkataba uandike kwamba zitatolewa katika faili linalofunguka kwenye Excel ndani ya siku zilizotajwa. Haki ya msanidi ni malipo ya awali. Wazoefu hudai nusu kabla ya kuanza, fungu jingine mfumo ukionyeshwa ukifanya kazi, na la mwisho siku ya kukabidhi. Nywila za seva hukabidhiwa fungu hilo likishaingia, na siku hiyohiyo huanza kuhesabiwa mwezi wa kwanza wa matunzo.